Anayepanga Saa za Chandra

Alhamisi ya tarehe 17 Agosti 2017, saa tisa na dakika 41 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, mitambo ya LIGO huko Marekani ilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko hafifu ya anga lenyewe, kutoka mbali sana, na mtambo wa Virgo wa Italia ukasaidia kubana eneo la anga yalikotokea. Sekunde 1.7 baadaye satelaiti ya Fermi ikaona mmweko mfupi wa mionzi ya gama. Nyota mbili za nyutroni, yaani masalia madogo na mazito mno ya nyota zilizokufa, zilikuwa zimegongana na kuungana, umbali wa miaka nuru milioni 130 hivi. Kabla muda wa saa 11 haujapita tangu hapo, wanafalaki waliokuwa wakitumia darubini nchini Chile walishaipata nuru ya tukio hilo ndani ya galaksi iitwayo NGC 4993. Kuanzia hapo kila mwenye darubini alitaka kutazama. Likabaki swali ambalo haliandikwi sana magazetini: nani atazame lini, kwa muda gani, na kazi ya nani iwekwe kando ili apate nafasi.

Msimamo wangu ni kwamba kupanga saa za darubini ya angani ni sehemu ya ugunduzi wenyewe. Darubini kongwe kama Chandra ina vioo bora na kamera nzuri, lakini uwezo wake mkubwa zaidi leo ni ule wa kupangua ratiba ya wiki nzima kwa sababu ya habari iliyofika asubuhi. Uwezo huo umo vichwani mwa watu wachache, hauonekani kwenye picha, na ndiyo maana fedha zikipungua huwa wa kwanza kuguswa.

Kwa asiyeifahamu, Chandra ni darubini ya eksirei. Ilipaa tarehe 23 Julai 1999 ndani ya Columbia, chombo cha NASA cha kubeba watu kwenda angani na kurudi, katika safari iliyoongozwa na Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuwa kamanda wa chombo cha aina hiyo. Imepewa jina la Subrahmanyan Chandrasekhar, mzaliwa wa Lahore aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Hewa inayoizunguka Dunia huzimeza eksirei za angani kabla hazijafika ardhini, kwa hiyo anayetaka kuziona sharti apeleke chombo nje. Chandra ilipelekwa mbali hasa. Mzingo wake umerefuka kama yai: huchukua saa 64 hivi kuizunguka Dunia mara moja, na inapofika kilele cha mzingo huo huwa zaidi ya kilomita 130,000 kutoka hapa, karibu theluthi moja ya njia ya kwenda Mwezini. Inaendeshwa kutoka Massachusetts na kituo kilicho chini ya taasisi ya Smithsonian, kwa niaba ya NASA.

Mzingo huo una faida moja kubwa. Satelaiti iliyo karibu na Dunia huzibwa na Dunia yenyewe kila baada ya muda mfupi, lakini Chandra inaweza kukitazama kitu kimoja kwa saa nyingi mfululizo. Gharama yake ni kwamba katika kila mzunguko hurudi chini na kupenya kanda za mionzi zinazoshikiliwa na usumaku wa Dunia. Wiki chache baada ya kupaa, protoni za kanda hizo zilipita kwenye vioo vilevile vinavyokusanya eksirei, zikaangukia kamera ya ACIS na kudhuru baadhi ya vihisi vyake. Madhara hayo hayaponi. Tangu hapo, kila chombo kinapokaribia kanda hizo, kazi husimama na kamera huondolewa mahali vioo vinapokusanya mionzi, kisha hurudishwa hatari ikishapita. Ratiba yote ya Chandra imejengwa kuzunguka pumzi hiyo ya lazima, na kanuni nyingine zote zinapandana juu yake.

Turudi NGC 4993. Chandra ilielekezwa huko tarehe 19 Agosti, siku mbili na ushei baada ya mgongano, na mahali nyota zilipogongana haikuona eksirei yoyote. Swift na NuSTAR, satelaiti nyingine mbili za eksirei, nazo zilitazama na kutoka patupu.

Hapa naomba tutulie kidogo. Kwenye ofisi yoyote yenye foleni, ombi lililopewa nafasi likarudi bila kitu hupelekwa nyuma. Chandra hutoa takriban sekunde milioni 20 za kutazama kwa mwaka, na kila mwaka wanasayansi huomba muda mara kadhaa ya huo uliopo. Wengi waliokuwa na haki ya muda huo walikuwa wakisubiri zamu zao. Kusema "tumejaribu, basi" kungekuwa uamuzi wa kawaida kabisa, na hakuna ambaye angelaumiwa.

Lakini wapo waliousoma ule ukimya kama jibu. Walihesabu hivi: mgongano wa namna hii unaweza kurusha mchirizi mwembamba wa mata kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Mchirizi ukielekea kwetu moja kwa moja, eksirei huonekana mapema na kwa nguvu. Ukielekea pembeni, mwanga wake hutupita hadi mchirizi upunguze kasi na mwanga huo utanuke vya kutosha kutufikia. Kutoona kitu siku ya pili kulikubaliana na mchirizi wa pembeni. Kilichotakiwa ni kurudi, na kurudi kabla mlango haujafungwa.

Tarehe 26 Agosti, siku ya tisa, timu ya Eleonora Troja ilipata saa kama 14 za Chandra. Safari hii kitu kilikuwapo. Zilikuwa chembe chache za nuru, ambazo mtu angeweza kuzihesabu moja moja, lakini zilikuwa zimejikusanya mahali palepale palipotarajiwa na si penginepo. Mwanzoni mwa Septemba Chandra ilirudi tena, kwa maombi ya timu hiyo na ya timu nyingine iliyoongozwa na Daryl Haggard wa Chuo Kikuu cha McGill, na chanzo kikathibitika. Kisha mlango ukafungwa. Chandra haielekezwi upande wa Jua kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 46 hivi, maana mwanga wa Jua ukiingia ndani ya darubini hasara yake haina fidia. Na Jua, katika safari yake ya mwaka, lilikuwa linasogea kuelekea upande wa kundinyota la Hydra, ilipo NGC 4993. Manahodha wa mwambao wetu walijua kwamba kusi ikishakatika, jahazi la kwenda Arabuni ambalo halijang'oa nanga litakaa hadi msimu mwingine. Mpangaji wa Chandra anaishi na sheria kama hiyo kwa kila nyota iliyomo kwenye orodha yake. Kwa miezi mitatu, hadi mwanzo wa Desemba, hapakuwa na amri wala fedha wala cheo ambacho kingeifanya Chandra igeuke upande ule. Tarehe 16 Oktoba, ulimwengu ulipotangaziwa ugunduzi, darubini yenye macho makali kuliko zote za eksirei ilikuwa imezuiwa kutazama.

Darubini za redio hazibanwi na Jua kwa kiasi hicho. Safu ya antena iliyoko New Mexico iliendelea kufuatilia na kuona mawimbi ya redio yakizidi nguvu. Desemba ilipofika, Chandra ikafunguliwa, ikatazama, ikakuta eksirei nazo zimeongezeka mara kadhaa kuliko zilivyokuwa Septemba mwanzoni. Ziliendelea kupanda hadi karibu siku ya 160, kisha zikaanza kufifia. Kutokana na mwenendo huo, pamoja na vipimo vya redio vilivyoonyesha chanzo kikisogea angani, leo tunajua kwamba mgongano ule ulirusha mchirizi kweli, na kwamba mchirizi huo ulielekea pembeni mwa mstari wetu wa kutazama kwa nyuzi kama 20. Ndicho kisa kilicho wazi kuliko vyote tulivyonavyo kinachounganisha mgongano wa nyota za nyutroni na mimweko mifupi ya gama, ambayo kwa miongo mingi watu walikuwa wakiikisia asili yake.

Sasa ondoa Agosti 26 na zile siku za Septemba kwenye hadithi hiyo. Tungekuwa na kimya cha siku ya pili, halafu pengo la siku zaidi ya mia moja, halafu mwanga mkali wa Desemba. Mwanzo wa kupanda kwake usingekuwapo kwenye rekodi ya eksirei, na kubishana kuhusu kilichotokea kungechukua muda mrefu zaidi. Kati ya mgongano na kufungwa kwa mlango kulikuwa na siku kama 17 tu. Katika siku hizo mtu alilazimika kuamua kwamba kutazama mahali patupu mara ya pili kulikuwa na thamani kuliko kazi nyingine zilizokwisha kuidhinishwa. Naliona hilo kuwa tendo la kisayansi sawa na lolote lililofanyika kwenye maabara mwaka ule.

Uamuzi kama huo unatekelezwaje? Mara moja kwa mwaka kamati za wanasayansi hukaa na kuchuja maombi kutoka kila pembe ya dunia. Yaliyopita huwekwa kwenye mpango wa mwaka, kisha wapangaji huyashusha wiki kwa wiki. Kila lengo huja na masharti yake. Mmoja anataka nyota pacha itazamwe wakati mmoja amejificha nyuma ya mwenzake, jambo linalotokea kwa saa fulani tu. Mwingine anataka Chandra itazame sambamba na darubini nyingine. Mwezi Aprili 2017, mtandao wa darubini za redio uliotoa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi ulikuwa ukiitazama galaksi ya M87, na Chandra, NuSTAR na Swift ziliunganishwa kwenye kampeni hiyo. Wale wa redio waliamua kila siku kama watafanya kazi usiku ule, kwa kuangalia mawingu na unyevu juu ya milima ya mabara tofauti. Chandra hupangwa kwa wiki. Kuwaoanisha watu wenye saa za aina hizo mbili kunahitaji simu nyingi na subira kubwa.

Juu ya masharti hayo kuna joto. Chandra imevikwa tabaka za kuikinga na joto la Jua, na baada ya zaidi ya robo karne angani tabaka hizo zimechakaa. Ikikaa kwenye pembe moja kwa Jua, vifaa vya kamera hupata moto kupita kiasi. Ikikaa kwenye pembe nyingine, vifaa vingine ndivyo huumia, au mirija ya mafuta hupoa mno. Kamera yenyewe hutakiwa kuwa kwenye baridi ya nyuzi 120 chini ya sifuri. Kwa hiyo mtu aliyepewa saa 28 za kutazama galaksi moja hazipati kwa mkupuo. Hukatwa vipande, na kati ya kipande na kipande chombo hugeuzwa kwenda kutazama kitu kingine kilicho upande utakaokipoza. Imefikia hatua ya kuandaliwa orodha maalumu ya malengo ya kupozea: vitu vilivyo kwenye pembe nzuri kwa afya ya chombo, ambavyo pia vina maswali ya kisayansi ya kujibiwa, ili dakika za kupoa zisipotee bure. Hilo wazo nalipenda sana. Lilitoka kwa watu wanaojua joto la chombo na sayansi yake kwa pamoja, na kila mwaka linaingiza kwenye hazina vipimo ambavyo visingekuwapo.

Bado kuna nyota za kuongozea. Chandra hujua inatazama wapi kwa kufuata nyota kadhaa kwa kamera ndogo ya pembeni, na kamera hiyo nayo imezidi kupata joto, kwa hiyo nyota hafifu haziaminiki tena kama zamani. Lengo linaweza kuwa mahali pazuri, joto likaruhusu, mionzi ikaruhusu, halafu likakosa nyota za kutosha za kuliongoza hadi tarehe nyingine ambapo chombo kitakuwa kimejipinda kwa namna tofauti.

Ratiba ikishakamilika hugeuzwa kuwa amri, hukaguliwa, kisha hurushwa kupitia antena kubwa za NASA zilizoko Goldstone huko California, Madrid na Canberra. Mawasiliano hupatikana kama mara tatu kwa siku, kila mara kwa saa moja hivi. Muda mwingine wote Chandra iko peke yake ikitekeleza ilichoagizwa. Inapotokea dharura, mkurugenzi wa kituo huamua kama inastahili, wapangaji huvunja wiki iliyokuwa tayari, hujenga nyingine, huikagua upya kipengele kwa kipengele, na kuisubirisha hadi antena ipatikane. Yule aliyekuwa na nyota pacha yake inayojificha kwa saa fulani anaweza kukosa saa hiyo na kusubiri miezi. Kila dharura inayokubaliwa ina mtu aliyeondolewa, na mpangaji ndiye anayepaswa kumtafutia nafasi nyingine.

Si kila satelaiti hufanya kazi hivi, na mfano mzuri una mguu wake mmoja Pwani ya Kenya. Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004, iliundwa ili ijipangulie ratiba yenyewe. Wapangaji wake huko Pennsylvania huiandalia mpango wa siku, lakini ikiona mmweko wa gama huuacha mpango huo na kugeuka bila kumuuliza mtu, ndani ya muda wa dakika moja au mbili. Taarifa fupi za dharura hupitia satelaiti za mawasiliano, na data zake nyingi hushushwa kwenye kituo cha Shirika la Anga la Italia kilichopo Malindi. NuSTAR pia huzungumza na Malindi. Kwa hiyo, katika siku zile za Agosti 2017, habari kwamba eksirei hazionekani bado ilikuwa na njia ya kupita kwenye antena zilizo jirani na mashamba ya Kilifi kabla ya kuwafikia waliokuwa wakiamua Chandra irudi lini.

Na uhusiano huo ni mzee kuliko Swift. Satelaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo wa NASA, akaipa jina Uhuru. Satelaiti ile ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikipekua anga ukanda kwa ukanda. Ilirudi na orodha ya vyanzo 339 na ikasaidia kuifanya Cygnus X-1 kuwa mshukiwa wa kwanza mzito wa kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Nobel mwaka 2002, na ndiye huyohuyo aliyekuwa miongoni mwa walioasisi wazo la darubini iliyokuja kuitwa Chandra. Wakati wa Uhuru swali lilikuwa "kuna nini huko?", na kupekua kila mahali kulitosha. Swali la leo ni "kile tulichokiona jana kinafanya nini leo?", na hilo halijibiwi na chombo kinachopekua kwa zamu.

Sasa fedha. Mwezi Machi 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza bajeti ambayo ingeishusha Chandra kutoka takriban dola milioni 68 kwa mwaka hadi takriban milioni 41, na kuendelea kuishusha miaka iliyofuata. Sababu iliyoandikwa kwenye waraka wa bajeti ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Ilisema kwamba chombo kimechakaa kiasi kwamba kudhibiti joto lake kunaifanya kazi ya kupanga ratiba na kuchakata data iwe ngumu zaidi, na gharama ya ugumu huo imezidi uwezo. Yaani waliotajwa kuwa mzigo ni wapangaji. Patrick Slane, mkurugenzi wa kituo cha Chandra, aliijibu hoja hiyo kwa barua ya wazi, na wanasayansi wengi wakamuunga mkono. Baadaye jopo la mapitio liliona kwamba Chandra isingeweza kuendelea kufanya kazi kwa fedha zile zilizopendekezwa. Makali ya pendekezo hilo hayakutekelezwa yote mwaka ule, lakini hoja yake haijafa, na itarudi kila bajeti itakapobana.

Nakubali nusu yake. Ugumu upo kweli, nimeueleza hapo juu. Nusu ya pili ndiyo siikubali, ile inayodhani kwamba ukipunguza watu utapunguza ugumu. Joto litabaki lilelile, Jua litabaki palepale, kanda za mionzi zitabaki. Kitakachobadilika ni kwamba watu waliobaki watalazimika kuchagua ratiba nyepesi: malengo machache, yaliyo kwenye pembe rahisi, yasiyo na masharti ya saa, yasiyovunjwa katikati. Maombi ya nyota pacha yatakataliwa mapema. Kampeni za pamoja na darubini nyingine zitapungua. Dharura itakayotokea Ijumaa jioni itaambiwa isubiri wiki ijayo. Na kwenye taarifa ya mwaka, Chandra itaonekana inafanya kazi vizuri tu, kwa sababu jumla ya saa ilizotazama inaweza isishuke sana. Kipimo cha saa hakitofautishi saa 14 za tarehe 26 Agosti na saa 14 za mwezi wowote mwingine. Kwa mtu anayesoma jedwali la matumizi, zote ni saa.

Huo ndio ubaya wa aina hii ya kukata. Ukivunjika kioo, watu wataona picha zimeharibika na watapiga kelele. Ukipungua uwezo wa kugeuka haraka, hakuna picha itakayoharibika. Kutakuwa na picha ambazo hazikupigwa, na hakuna anayeweza kulalamikia asichojua kilikuwapo.

Wapo watakaosema kompyuta zifanye kazi hiyo. Zinaifanya tayari, kwa sehemu kubwa. Hakuna anayehesabu kwa mkono joto la chombo kwa wiki nzima. Lakini programu hupanga kwa kanuni ilizopewa, na kanuni za Chandra hubadilika kila chombo kinapozeeka kwa namna mpya. Anayegundua kwamba kifaa fulani kimeanza kupata joto kwenye pembe ambayo mwaka jana ilikuwa salama ni mtu aliyekizoea. Na uamuzi wa kurudi mahali patupu siku ya tisa haukuwa hesabu ya joto. Ulikuwa hukumu kuhusu thamani ya swali, iliyofanywa na watu waliojua kilichokuwa kinaondolewa ili kuupisha.

Wengine watasema Chandra imezeeka, fedha ziende kwa darubini mpya. Ningewaelewa kama mrithi wake angekuwa njiani. Hakuna chombo kilichopo wala kinachojengwa sasa chenye ukali wa macho wa Chandra, unaotenganisha vitu vilivyo umbali wa nusu sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja). NewAthena ya Ulaya, inayotarajiwa mwishoni mwa miaka ya 2030, itakusanya eksirei nyingi zaidi lakini itaziona kwa ukungu zaidi. Katika NGC 4993 ukali huo haukuwa anasa. Kitovu cha galaksi hiyo nacho hutoa eksirei hafifu, na kiko sekunde kama 10 tu za tao kutoka mahali nyota zilipogongana. Darubini yenye macho mazito ingehatarisha kuvichanganya, hasa katika siku zile za mwanzo ambapo chanzo kilikuwa dhaifu.

Mahitaji yenyewe yanaongezeka wakati watu wanapunguzwa. Tangu Januari 2024 China ina Einstein Probe angani, satelaiti inayotazama sehemu pana ya anga kwa eksirei na kutoa habari za milipuko mipya kila mara. Vera Rubin, darubini mpya iliyoko Chile, ilionyesha picha zake za kwanza Juni 2025 na imejengwa kutoa mamilioni ya taarifa za mabadiliko kwa usiku mmoja. Vyombo hivi hupata vitu. Kuvielewa kunahitaji mwingine aje atazame kwa makini, kwa muda mrefu, kwa wakati unaofaa. Nyingi ya taarifa hizo hazitamhusu Chandra hata kidogo. Kazi ni kuzijua zile chache zinazomhusu, na kuzijua ndani ya siku mbili.

Ninachotaka kwa NASA na kwa wabunge wa Marekani wanaopitisha bajeti hiyo ni kidogo na kinapimika. Uwezo wa dharura upewe fungu lake na ulindwe, kama vile vioo na kamera vinavyolindwa. Na kila mwaka kituo kitangaze maombi mangapi ya dharura yalikataliwa kwa sababu anga halikuruhusu, na mangapi kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuyapanga. Namba hizo mbili zikitenganishwa, tutajua tunachokipoteza.

Kwa upande wetu, mlango uko wazi kuliko tunavyoutumia. Chandra hupokea maombi kutoka kwa mwanasayansi wa nchi yoyote, na kwa miaka ya karibuni wanaoyachuja hawaonyeshwi majina ya waombaji. Swift kwa miaka mingi imepokea maombi ya dharura kutoka kokote duniani, na data zake hushukia Malindi. Vipimo vya Chandra huwekwa wazi baada ya muda maalumu, bila malipo, vikiwemo vya NGC 4993. Mwalimu wa fizikia Nairobi, Dodoma au Kampala anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya kupakua picha ya tarehe 19 Agosti na ile ya tarehe 26, wazipime wenyewe, halafu waandike ombi la saa za kutazama kana kwamba mlango wa Jua unafungwa wiki ijayo: waombe saa ngapi, siku ipi, na wamwambie nini yule ambaye zamu yake itaondolewa.